Pauni za Ndovu

Jumatatu, 4 Februari 1952

Nimefungua duka alfajiri. Sukari imeingia sisimizi tena, nimeichekecha. Paka wa jirani kajikojolea kwenye gunia la kunde. Nimemrushia kiatu, nimemkosa. Kunde nitaziuza hivyo hivyo. Temeke hii watu hawanusi, wanakopa tu.

Mshenga karudi jana kutoka Kinondoni na jibu la Zuhura. Mwanawe Asha atamwoza mdogo wangu Hamoud, ila mahari anataka mkufu wa pauni za ndovu. Zile za dhahabu za Mjerumani, zilizopigwa bara wakati wa vita vya kwanza, upande mmoja ndovu. Siku hizi Wazungu wanazikusanya, bei yake haishikiki. Zuhura anajua hatuna. Anajua pia kwamba mahari yangu mie ilikuwa pauni moja ya ndovu, na anajua iko wapi. Iko shingoni mwake.

Mwanamke aliingia nyumbani kwangu kukopa chumvi, akatoka na mume. Mume akatoka na pauni yangu. Keshakufa, Mungu amweke anapostahili. Zuhura anaivaa mpaka sokoni.

Hamoud hajala tangu jana. Mwanamume mzima, analia kwenye mto. Nimemlea tangu mama afe, kilio chake nakijua hata ukuta ukiwa katikati.

Ijumaa, 8 Februari

Dawa imepatikana. Sonara wa mjini kaniambia Bombay wanatengeneza za mfano. Shaba, juu imepakwa dhahabu. Ndovu yule yule na mkonga wake.

Lakini jela siitaki. Nimemuuliza mpangaji wangu wa uani, Elia, karani wa ushuru bandarini. Mtu wa bara, mlokole, anaimba asubuhi kama anatishwa. "Hizo si ndizo sarafu za tembo, mama?" Nikamwambia sie wa pwani tembo ni pombe, tunaigema mnazini, wa porini ni ndovu. Kacheka. Sheria lakini anaijua. Pesa ya Mjerumani ilishakufa, si pesa tena, kwa hiyo sheria ya pesa bandia haiikamati. Kununua ruhusa. Kuingiza ruhusa, mradi bandarini useme ni ya mfano na ulipe ushuru. Kosa linaanza unapomwambia mtu ni ya kweli ukachukua chake. Na anayesema hivyo kwa kutojua hana kosa, analo aliyemdanganya.

"Kosa halimo kwenye sarafu, mama. Limo mdomoni."

Neno tamu hilo. Nimeagiza.

Jumamosi, 12 Aprili

Zimefika. Elia kazitoa bandarini kwa jina langu, mapambo ya shaba, ushuru umelipwa. Halali kama maziwa ya mama.

Nimefunga mlango nikazitazama. Lo! Nzuri kuliko ya kweli. Ya Zuhura ndovu wake kasuguka mpaka kawa nguruwe.

Hamoud sikumwambia. Uso wake haujui kuficha kitu. Nimesema ni za marehemu mama, zilikuwa chini kabisa ya kasha, nikimwekea siku yake. Kanibusu mikono yote miwili. Kalia tena huyu. Nikanywa maji, basi.

Ijumaa, 25 Aprili

Kaoa.

Nilimfundisha wiki nzima. Taja mkufu wa pauni za ndovu, ukome hapo hapo. Kutaja dhahabu ni majigambo, ni nuksi. Hakuna uongo hapo. Pauni za ndovu ni pauni za ndovu, ndovu si yupo?

Nilisimama nyuma ya pazia na wanawake. Kasema vizuri. Nikashusha pumzi. Mara namsikia anaongeza, kwa sauti ya kuazima, "za dhahabu tupu, alizoniachia marehemu mama." Pumbavu. Vigelegele vikapigwa, na mie nikapiga cha kwanza kuliko wote.

Baadaye Zuhura kaubeba mkufu kiganjani mbele ya wageni, kaulinganisha na pauni yake. Kasema, "Jamani, yangu imechakaa, hizi ndizo dhahabu." Kasema mwenyewe! Kwa kinywa chake! Nimeingia chooni kucheka. Nimecheka mpaka mbavu zimeuma, nimejifuta machozi kwa upindo wa kanga, nikarudi kugawa biriani.

Harusi yangu mwenyewe sikufurahi hivi.

Jumapili, 29 Juni

Idi imepita. Wifi yupo nyumbani, tunajuana.

Ana macho ya baba yake, yule aliyekuwa mume wangu. Akiniangalia nageuza uso. Nimemtuma maji kisimani mara mbili leo, kaenda. Nikamwaga ndoo, nikamtuma tena. Kaenda. Ananiamkia kila asubuhi, "Shikamoo wifi," kwa magoti. Unyenyekevu wa Zuhura huo, naujua mwisho wake.

Kituko kingine. Anajitanda ushungi mpaka kidevuni, ndani ya nyumba, joto hili. Anajiona malaika. Na ndimu zinaniishia dukani. Namwona anazichukua mbili mbili akidhani sioni. Nadhani ana mimba. Zuhura na mie tugawane mjukuu, makubwa.

Elia kahamishiwa Lindi. Kaondoka juzi na sanduku na Biblia. Chumba kitupu, asubuhi kimya.

Jumanne, 15 Julai

Hamoud anataka duka lake Kipawa. Anataka kuuza pauni moja kwa Mzungu wa Oysterbay anayekusanya fedha za kale. Kamwomba mkewe. Mahari ni mali ya mke, lazima aombwe.

Asha kakataa. Kalia, kamshika miguu, "Usiuze hizi, mume wangu, nakuomba." Nikamwita mchoyo. Nikasema asali haitoki kwenye mzinga wa nyigu. Hamoud naye kakasirika. Mwisho kaikata moja kwenye mkufu, kampa, kainama.

Usiku wote nilitaka kusema. Nilimwambia cha marehemu hakiuzwi, kina laana. Kanicheka. Nilifungua mdomo niseme lile lenyewe. Asha alikuwa mlangoni na sinia la chai, na kinachosikika na Asha kinalala Kinondoni. Nikaomba sukari.

Wazungu wenyewe hawajui kitu. Ataitia kabatini, basi.

Jumatano, 23 Julai

Wamemkamata.

Mzungu kaiweka kwenye mizani, kaitazama kwa kioo cha jicho. Kamuuliza Hamoud mara tatu, ni ya kweli? Hamoud kaapa mara tatu. Kapokea pesa. Kumbe keshawaita askari, wako chumba cha pili.

Kijana wa watu. Kaapa kwa moyo mmoja.

Alhamisi, 24 Julai

Duka sijafungua. Wameshapita wanne kunipa pole na kuchungulia. Mbwa hawa.

Askari anasema kosa ni kujipatia pesa kwa udanganyifu. Ndiyo, Elia alisema. Na alisema asiyejua hana kosa. Nikisimama nikasema nilimdanganya, Hamoud anatoka. Ni maneno machache tu. Yanaenea kwenye kiganja.

Na Zuhura atayasikia. Atayapigia ngoma. Mahari ya shaba! Atamchukua mwanawe, atanitembeza Temeke nzima mpaka Kinondoni, na hiyo pauni yangu inaning'inia shingoni mwake anaponicheka. Na jela nitaingia mie, katika umri huu.

Ng'o.

Anayejua kaenda Lindi.

Jumatatu, 11 Agosti

Mahakamani. Nilivaa buibui jipya.

Hamoud kakonda. Kaeleza kwamba pauni ni za marehemu mama, dada yake ndiye aliyezihifadhi, aitwe dada yake. Kasema hivyo akinitazama, ametulia, kama mtoto anayekuona unakuja na uji. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Hilo ndilo linaloniudhi, angekuwa na wasiwasi ningejua la kufanya.

Nikaitwa. Nikaapishwa. Hakimu kauliza kupitia mkalimani, marehemu mama yako aliacha pauni za dhahabu?

Zuhura alikaa benchi la mbele. Kashusha buibui makusudi, pauni yangu ionekane. Ndovu aliyesuguka. Nikaitazama hiyo.

Nikasema, "Marehemu mama hakuacha sarafu yoyote."

Ni kweli. Mbele ya Mungu na Msahafu, ni kweli tupu. Hakimu kauliza swali hilo, nimejibu hilo. Hakuuliza jingine, na mie si wa kumfundisha kazi.

Hamoud kaendelea kunitazama. Halafu kainamisha kichwa kama mtu aliyesomewa kitu kwa lugha asiyoijua. Mwaka mmoja, na kazi ngumu.

Nje Zuhura kalia na kutukana, mwizi huyu, tapeli huyu, kaniolea mwanangu kwa vifungo vya koti. Kamtukana Hamoud. Mie kanipa pole. Kanishika mkono! Kamvuta Asha waende Kinondoni. Asha kakataa. Kasema nyumba ya mumewe iko Temeke.

Nimeshinda.

Jumapili, 17 Agosti

Mvua kidogo asubuhi. Nimechekecha sukari.

Baada ya chai Asha kaja chumbani, kakaa kwenye mkeka. Kaondoa ushungi, mara ya kwanza tangu aje. Shingo yake ina duara la kijani, kutu ya shaba, limeingia kwenye ngozi. Pembeni pamechunika kwa kusuguliwa.

Kasema, "Nilijua tangu fungate, wifi. Nilikuwa najisugua kwa ndimu asione. Nilidhani yeye ndiye kanidanganya kwa kunipenda, nikamsamehe, nikanyamaza. Juzi mahakamani ndio nimeuona uso wake. Hakuwa anajua."

Hakunitukana. Hakuniuliza kitu. Nilingoja aniulize, nilikuwa na majibu.

Kauvua mkufu. Kanivisha mie, kwa mikono yake miwili, kanifungia kishikizo kisogoni taratibu, kama anamvisha bibi harusi. Kisha katoka kwenda kuosha vikombe.

Anaenda gerezani Jumatano kumwona mumewe. Kaniuliza kutoka mlangoni kama nina la kumwambia. Nikasema mpelekee mandazi.

Sasa alasiri, joto limerudi, mvua imekuwa mvuke. Natoka jasho. Duka liko wazi, wateja wanaingia, wananisifia mkufu.