Kuku Asiyeoshwa

4 Machi

Mwanangu,

Nilifika nyumbani salama, goti tu ndilo linalolalamikia safari. Mjukuu wangu hajambo? Na matumbo ya wakwe zako yametulia?

Habari za kuugua kwao zilinitangulia. Jumamosi kulikuwa na shughuli kwa jirani yetu mshonaji. Unajua mwiko mkubwa huwa wangu miaka yote. Safari hii nikapewa beseni la vitunguu nimenye, kule nyuma karibu na bomba. Hakuna aliyenisema vibaya. Walinihurumia, na hilo ndilo lililoniuma.

Wewe ndiye bwana afya, japo unavaa sketi. Niambie nilikosea wapi siku ile nilipowapikia wakwe zako. Naona aibu, mwanangu.

Mama yako


11 Machi

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, mjukuu wako ameota jino.

Usiyaweke moyoni. Hakikisha nyama inaiva hadi mfupani, nawa mikono kwa sabuni, na ubao wa nyama usiukatie mboga. Kazi zimenibana, nitaandika kwa kirefu siku nyingine.

Binti yako


2 Aprili

Mwanangu,

Nafurahi kusikia la jino. Barua yako nimeibandika ukutani jikoni. Ule ubao wa bibi yako nimeuchoma. Siku hizi najipikia mwenyewe tu, nachemsha mpaka nyama inaachana na mfupa, na bado nikimaliza kula najisikilizia tumbo.

Ila hukuniambia nilikosea wapi.

Mama yako


26 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Barua hii nimeianza mara nne. Habari ya ubao wa bibi imenimaliza.

Hukukosea popote. Ulipokwenda kumwogesha mtoto ulimwacha kuku mezani, hujamwosha, kama ninavyofundisha kliniki kila Jumatano: maji yanarusha vijidudu huku na huku, moto ndio unaoviua. Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Mama yako anapika kuku bila kumwosha?"

"Amesahau," nikasema, nikafungua bomba.

Nilimwosha kwa ndimu na chumvi. Maji yakarukia beseni la nyanya za kachumbari zilizokwisha kukatwa, na niliona. Nikazipakua hivyo hivyo, maana kuzimwaga kungenilazimu kueleza. Walipougua, wakasema kuku wako hakuiva. Nikanyamaza.

Kina mama wa kliniki huwa nawauliza kwa ukali kwa nini hawafuati maelekezo. Niliogopa kuitwa mchafu kuliko nilivyoogopa ugonjwa. Naona haya hata kukuomba msamaha.

Binti yako


15 Juni

Mwanangu,

Goti nafuu. Barua yako niliisoma, nikaiweka chini ya godoro, leo nimeitoa tena.

La nyanya nimekusamehe. Lile "amesahau" bado. Msamaha wa karatasi siutaki. Nenda kaseme ukweli pale pale mlangoni.

Mama yako


8 Julai

Mama,

Shikamoo. Mjukuu wako sasa ana meno mawili, na ananiuma.

Jumapili nilimweleza mama mkwe yote, mume wangu akisikia. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu kama hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nikamjibu kwamba nililelewa vizuri, uongo ni wangu mwenyewe. Kisha nikamtia kuku sufuriani mbele yake bila kumwosha.

Hakula. Mume wangu naye akadai ameshiba. Nilikula peke yangu kwenye meza ya watu watatu, nikakukumbuka na beseni lako la vitunguu.

Nakutumia ubao mpya. Najua si wa bibi. Humu ndani kuna barua nyingine, ya mshonaji, sikuifunga ili uisome kwanza. Nimemwandikia ni nani aliyewatia watu ugonjwa, na kazi ya mtu huyo ni nini. Mpelekee, mama, na umwambie awasomee wote waliokuwepo kwenye shughuli.

Binti yako