Kinachosikika Nje ya Ua

Jumatatu, 7 Agosti 1995
Tena. Meno ya mbele salama. Ya pembeni salama. Gego la pili, koo likajifunga. Nikainama juu ya karai, machozi yakatoka, tumboni hakikutoka kitu. Mara nne. Ni hivi tangu Juni, daktari wa meno aliponing'oa gego moja na kunionya kwamba la jirani litafuata nisipofikisha mswaki nyuma. Sasa nafikisha. Nina miaka ishirini na siwezi kupiga mswaki kama watu.

Fomu ya chuo cha ualimu bado iko ndani ya Biblia ya Baba. Imebaki sahihi yake tu. Lazima irudi chuoni kufikia Ijumaa, tarehe 25.

Kuchuna chai na Mama hadi saa saba. Ukungu.

Alhamisi, 10 Agosti
Kituo cha chai, tukingoja kupima majani. Nilipofika wanawake walinyamaza. Mama Weldon, jirani yetu, akanipa ndizi mbili. "Kula zote, Chelangat. Siku hizi hauli peke yako." Wakacheka. Nikacheka nao, mjinga mimi. Nilielewa nikiwa njiani kurudi.

Njia ya wachunaji inapita nyuma ya jikoni yetu, ng'ambo tu ya ua wa miiba ya kayaba. Saa kumi na mbili na nusu wanapita na vikapu. Saa kumi na mbili na nusu mimi niko pale na karai. Miezi miwili wamenisikia.

Jumapili, 13 Agosti
Mke wa mchungaji ameniambia nipumzike kidogo kufundisha watoto Sunday school. Alinishika bega akisema. Afadhali angenipiga.

Baba ni mzee wa kanisa. Alitembea mbele yetu njia nzima. Nyumbani nilimwuliza Mama habari ya fomu. Baba amesema ingoje mpaka Senge aje. Senge ni dada yake mkubwa. Mambo ambayo baba hawezi kumwuliza binti yake, Senge huuliza. Kwa hivyo Baba amesikia. Na hatatia sahihi kumpeleka chuoni msichana mwenye mimba.

Sina mtu. Sijawahi kuwa na mtu. Ningekuwa naye ningeona aibu. Sasa naona hasira tu.

Mama anajua koo langu. Nilipokuwa mdogo alinibana pua ndiyo nimeze kwinini. Lakini hakuna aliyemwuliza Mama, na Mama husema akiulizwa.

Jumatatu, 14 Agosti
Nimeamua. Nitalishinda hili koo kabla Senge hajafika. Watasikiliza wasisikie kitu.

Nimeenda sokoni Kapkatet, nikanunua mswaki wa mtoto, wenye kichwa chembamba. Dawa ya meno kidogo tu, povu ndilo linaloniua. Kidevu chini, si juu. Kuvuta hewa kwa pua. Kuanza na magego ya nyuma nikiwa bado na subira.

Jumatano, 16 Agosti
Mara mbili. Kugusa ulimi ndilo kosa. Nimegundua nikiimba kwa pua, bila maneno, koo linasahau.

Ijumaa, 18 Agosti
Mara moja.

Jumamosi, 19 Agosti
Hakuna! Magego yote, juu na chini. Nilisikia vikapu vikipita, nikaendelea kuimba kwa pua. Nilitaka kupiga kelele ya furaha.

Senge amefika alasiri na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Atalala chumbani kwangu.

Jumapili, 20 Agosti
Senge alinifuata hadi nyuma ya jikoni na kigoda chake, akakaa. Nilipiga mswaki mpaka mwisho. Kimya kabisa. Nikasukutua, nikamtazama kama mtu aliyepita mtihani.

Senge alikuwa anahesabu vidole. "Juni. Julai. Agosti. Eh. Kutapika kunakwishanga hivyo hivyo, ikifika mwezi wa tatu."

Siku sita nimefanya kazi ya kujifunga mwenyewe. Sijui nicheke au nijitupe kitandani. Nimejitupa kitandani.

Jumatatu, 21 Agosti
Senge anataka mkunga wa huko juu anipapase tumbo. Nimekataa. Nimesema mkono wa mtu ukinigusa naondoka hapa bila fomu na sirudi. Ameniita jeuri. Pengine ni kweli. Baba amekula chakula chake huko zizini kwa ng'ombe.

Zimebaki siku nne.

Jumanne, 22 Agosti
Nimefanya jambo ambalo sitaki kulikumbuka, kwa hivyo naliandika haraka.

Saa kumi na moja jioni, baada ya kukamua. Baba alikuwa sebuleni na redio, mlango wazi. Senge na Mama wamekaa uani. Nilileta kiti na ule mswaki wa zamani, mkubwa. Nikasema, tazameni. Mbele: kitu hakuna. Pembeni: hakuna. Nyuma: tumbo lote likaruka. Nikarudia. Nikarudia tena. Mate hadi kidevuni. Redio ikazimwa.

"Basi, mtoto. Basi," Senge akasema.

Sikuacha. Nikampa mswaki achague mahali mwenyewe. Na Senge, bila haya, akauchukua! Akajaribu kushoto. Akajaribu kulia. Akarudi kushoto. Kila akifika gego la pili nilikuwa karibu kumtapikia miguuni. Alianza kucheka hadi akajifuta macho kwa leso. "Kumbe ni mswaki! Kijiji kizima, na ni mswaki!"

Mama akasema kuhusu kwinini. Akaongeza, bila kuinua sauti, kwamba angeulizwa angesema toka siku ya kwanza. Aliutazama mlango wa sebule akisema.

Huo si ushahidi wa kortini. Lakini Senge ameamini, na Senge akishaamini Baba hana la kuongeza. Baba alitoka kwa mlango wa nyuma.

Koo linauma.

Jumatano, 23 Agosti
Fomu ilikuwa mezani asubuhi, chini ya bakuli la sukari. Imetiwa sahihi. Baba amekandamiza kalamu hadi karatasi imeingia ndani. Nitaipeleka chuoni kesho mwenyewe.

Senge ameondoka mapema. Amepitia kwa Mama Weldon. Nimemsikia kutoka hapa.

Mvua toka saa nane. Baba amerudi kutoka shambani ameloa, akasimama mlangoni. Nimempelekea taulo. Ameipokea kwa mikono miwili, kama watu wanavyopokea kitu kwa mgeni. Tumesimama hapo tukitazama chai ikinyeshewa.