Blanketi la Gari

Baba Maxine,

Chai iko kwa thermos. Nimekupigia, lakini najua simu mnaziacha kwa geti ya kampuni.

Utakuta gari na turubai peke yake. Ile blanketi nzito unaweka chini ya turubai ndio rangi isikwaruzwe, nimeitoa. Na hii baridi ya Julai, gari imelala na joto kushinda mtoto. Asubuhi nimemkuta Maxine anahema kwa shida, kifua kinalia kama filimbi. Nimemfunga nayo, tumepanda boda kwenda hospitali Ruiru. Naogopa, Marvin.

~~Lala kwanza, umetoka shifti.~~

Usilale. Njoo na gari, hata kama barabara ni matope. Ikichafuka nitaiosha mimi, bora turudi tukiwa watatu.

Mama Maxine