Pemba ya Bara Sikuletei

Kwa mwanangu Raya,

Asalam alaykum, mamaangu. Wajionaje na huo mzigo wako? Miguu bado yavimba? Kula, mwanangu, hata kama chakula chakunukia vibaya. Sisi huku Geita wazima, babako kikohozi kimemwachia, alhamdulillahi. Kwenye simu kila nikianza kukueleza waniambia "haya mama, haya mama," ndiyo leo nimeshika kalamu. Unisome mpaka mwisho.

Uliniomba udongo wa kula wa huku bara, ati mtamu kuliko wa kwetu. Basi nikenda sokoni. Nasikia nyuma yangu, "Pemba! Pemba tamu!" Nikageuka mbio, nikidhani mtu wa kwetu kisiwani Pemba aniita, nikaitika, "Abee!" Kumbe muuza udongo! Huku udongo wanaokula wajawazito ndio huitwa pemba. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Nami nikacheka, nikakununulia vijiti vyako vya udongo, nikavitia mkobani.

Sasa sikia habari ya duara, hilo shimo wanalochimba babako na wenzake. Walikuta mwamba laini, mwekundu, wachimbika kwa jembe. Wakafurahi. Lakini kila tukiosha, dhahabu hatuioni. Udongo wafanya madonge, yabiringika juu ya magunia ya kuoshea, yaenda zake na maji. Babako akawa hacheki tena, hata safari yangu ya kuja kukuuguza uzazi akaacha kuitaja. Mie roho juu.

Ndipo akapita binti mmoja aliyesomea miamba. Akaumega donge, akasema, "Mama, huu ulikuwa mwamba mgumu, wa zamani mno. Mvua na joto vimeuozesha mpaka ukawa udongo. Dhahabu imo, ila udongo umeikumbatia. Uroweke kwanza, uuvunjevunje, ndipo muoshe."

Nikauroweka kwenye pipa, nikauvuruga kwa mti. Babako akapita:

"Bi Time, leo vitumbua vya udongo?"

"Ndiyo, na cha kwanza utakula weye!"

Tulipoosha, Raya, magunia yakawaka dhahabu! Babako akapiga takbiri, kisha akaniomba radhi ya vile vitumbua mbele za watu, nami nimejishika kiuno.

Nilipofungua mkoba nitoe kanga nijifute, yule binti akaviona vijiti vyako. Yeye hakucheka. "Vya nani, mama?" Nikamwambia. Akasema, "Udongo haujui kuchagua. Ulivyoshika dhahabu, ndivyo unavyoshika zebaki ya machimboni na sumu nyengine. Mwanao asile." Nikavitupa palepale. Na huo wa kwetu unaouficha chini ya mto, najua upo, utupe. Mwambie nesi wa kliniki kuwa watamani udongo, akupime damu, huenda imepungua. Usione haya.

Nisalimie mumeo Hamadi, mwambie nimeshajua nani akununuliaye huo udongo. Nisalimie bibi yako Bi Mize, asikukande tumbo mpaka nifike. Na ami yako Mzee Faki wa Wambaa, aniwekee pweza wa supu yako ya uzazi.

Maana tiketi babako keshanikatia, mamaangu! Mwezi wako hautimii ila niko hapo Wawi, inshallah. Nitandikie karibu na kitanda chako, nikusikie ukigeuka.

Uliomba pemba. Nakuletea Mpemba.

Mamako akupendaye, anayefunga mizigo,
Time