Robo ya Mwaka Tuliyoisoma Bila Wewe

Tata,

Baba yangu, jana Jumapili nilisimama mahali pako mbele ya chama chetu cha uwekezaji. Ukumbi ni uleule wa kanisa pale Keumbu, madawati ni yaleyale, na Mama Bosibori, mweka hazina wetu, bado anakaa karibu na mlango ili amwone kila anayechelewa. Nilibandika karatasi ya manila ukutani kama ulivyokuwa ukifanya. Kwa muda nilibaki nimewapa watu mgongo, nikijifanya nainyoosha karatasi. Nilikuwa nakulilia. Nadhani walijua, kwa sababu hakuna aliyeniharakisha.

Tangu tukuzike hatukuwa tumeketi tena kusoma hesabu za robo ya mwaka. Chama hakikuvunjika. Michango iliingia, gawio la hisa likafika, Mama Bosibori akaliweka. Lakini hakuna aliyetaka kusimama aseme soko la hisa limefanya nini, maana kila mmoja aliukumbuka mkutano wako wa mwisho.

Nami naukumbuka. Hisa zilikuwa zimeshuka kwa muda mrefu hata watu wakaacha kuuliza bei. Shilingi ilikuwa inaporomoka, mafuta na mbolea vimepanda, riba ya mikopo imepaa. Uliwaambia yote hayo bila kuwapunguzia, kisha ukawasihi wasiuze. Mzee Omwenga, aliyetoka shambani kwake Nyamira na gambuti zake za mpira zikiwa na matope, akainuka akasema mbele ya watu wote, "Mwalimu, umetuzika."

Ulimshukuru kwa kusema wazi, ukakunja karatasi zako, tukatoka. Njiani tulinunua ndizi mbivu, ukazila ukitembea, na neno lile hukulitaja hata siku moja. Ila Mama anasema usingizi ulikupotea siku hizo. Miezi michache baadaye, asubuhi, ukiwa unanyoa ndevu, moyo wako ulisimama. Ukaondoka wakati kila kitu kiko chini.

Ndiyo maana naandika. Haikuwa haki uondoke bila kujua yaliyofuata.

Tata, mambo yaligeuka. Shilingi ilitulia. Mwanzoni nilidhani ni ya siku mbili tatu, lakini ikakaa. Bei za vitu zikaacha kukimbia. Sisemi zilirudi chini, usije ukadhani unga sasa ni wa bure, ila mwendo wake ulipungua. Benki kuu ikaanza kushusha riba, kidogo kidogo, na watu waliokuwa wamekimbilia hati fungani za serikali wakaanza kuzitazama hisa tena. Wawekezaji wa kigeni waliokuwa wametoa pesa zao wakarudi. Zile hisa za benki ulizotusihi tusiuze zikainuka, zikapumzika, zikainuka tena.

Jioni baada ya kazi nilikuwa nabaki ofisini pale mjini Kisii, nikichora bei kwa mkono jinsi ulivyonifundisha nikiwa kidato cha pili. Unakumbuka siku ile? Nilikuuliza kwa nini mstari unapinda hovyo hivyo, ukaniambia, "Kemunto, huu si mstari. Hawa ni watu." Ukaweka kidole kwenye mteremko ukasema hapa mtu aliogopa akauza, hapa mwingine alitaka karo ya mtoto, na hapa kuna mjane mahali fulani amenunua kwa sababu bado anaamini. Nilidhani ni maneno ya mwalimu anayelipenda somo lake. Sasa nimeuchora mwenyewe, kuanzia pale chini ulipotuacha hadi huku juu mstari ulikofika, na nikajishika mdomo. Ni watu wangapi hawa? Hawajuani. Hakuna aliyepiga kengele kuwaita. Na bado wameinuka pamoja. Nilihisi kama siku ulipotupeleka Manga, tukasimama kwenye ukingo wa mlima tukaona nchi yote imelala chini yetu.

Basi Jumapili niliwaeleza yote hayo. Niliwaambia pia jambo ambalo mimi mwenyewe lilinishangaza nilipolielewa. Chai yetu huuzwa kwa dola. Shilingi ikipata nguvu, sisi hushangilia dukani na kwenye kituo cha mafuta, lakini mkulima hupokea shilingi chache kwa dola ileile. Niliona watu wanaitazama mikono yao, mikono inayochuma majani kila wiki, kana kwamba wamegundua imefungwa kwa uzi na mtu wa mbali asiyewajua.

Lakini Mzee Omwenga alikuwa amekuja na lake. Aliinuka akasema kwa kuwa bei zimepanda, tuuze hisa zote sasa, kabla hazijatudanganya tena, tununue shamba la majani chai linalopakana na lake kule Nyamira. Akasema chai unaiona kwa macho, unaigusa, na hakuna dalali anayeweza kuifuta kwa simu. Wengi walimpigia makofi. Sikukasirika, Tata. Mtu aliyewahi kuona pesa zake zikiyeyuka hapaswi kuchekwa akitaka kukanyaga udongo wake. Nilijaribu kueleza habari ya hati fungani tulizonazo, kwamba tulizinunua riba ikiwa juu na zitaendelea kutulipa ile ya zamani hata kama mpya zinalipa kidogo. Hakuna aliyesikiliza. Mama Bosibori akasimama ahesabu mikono.

Hapo ndipo mvua ya mawe ilipoanza.

Unajua inavyopiga mabati. Mama Bosibori alifungua mdomo, hatukusikia kitu. Nje uwanja uligeuka mweupe. Watu walirudi kukaa, na katika kelele ile tukatazamana tu, kwa sababu kila mmoja alikuwa anafikiria shamba lake na hakuna aliyeweza kulifanyia lolote. Simu zikaanza kuwaka mapajani. Ya Mzee Omwenga iliwaka pia. Alikwenda kwenye kona, akaziba sikio moja kwa kiganja, akainama. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa anatembea kama mtu anayepima kila anapokanyaga.

Mawe yalipoacha, alituambia kwa sauti ndogo. Mke wake ndiye aliyepiga. Mlima wao wote umechapwa. Majani yote yako chini, migomba imekatika katikati, na lile shamba la jirani lililokuwa linauzwa nalo limeisha vivyo hivyo. Wanachama wengine wa upande ule nao walikuwa wamepata habari kama hiyo. Mama Bosibori alimuuliza kama angependa tumtafutie gari arudi nyumbani. Akatikisa kichwa. Akakaa, akavua kofia, akanitazama.

"Kemunto," alisema, "rudia ile ya hati fungani. Sikuwa nasikiliza."

Nikarudia. Nilirudia polepole, kwa Kiswahili, kisha kwa Ekegusii, na sijawahi kusikilizwa hivyo maishani mwangu. Hakuna aliyeuliza tena habari ya kununua shamba. Mama Bosibori ndiye aliyependekeza tuuze sehemu ya hisa tu, sehemu iliyopanda zaidi, tuwape wenye mashamba yaliyopigwa na mawe cha kushika hadi chai ichipue, na nyingine zibaki. Mikono yote ilikwenda juu. Hata ya Omwenga, ingawa ilichelewa, maana aibu ya kupokea ni nzito kwa mtu kama yeye.

Nikiwa nakunja vitu vyangu ndipo lilipoingia akilini, nikalazimika kuketi. Mvua hii ingenyesha ule mwaka wako wa mwisho, tungeuza nini? Tungeuza kwa bei ya kutupa, na bado isingetosha. Na kama wangeuza siku ile walipokukasirikia, leo kusingekuwa na kitu. Sisemi ulijua, Tata. Wewe mwenyewe ulikuwa wa kwanza kusema hujui ya kesho. Huenda tulibahatika tu, na niliwaambia hivyo, wasije wakadhani kungoja hulipa kila mara. Lakini nilikaa pale kwenye benchi kama mtu aliyepishana na gari kwa upana wa kidole.

Watu walipokwisha kutoka, Mzee Omwenga alibaki. Alisogea kwenye ule mchoro ukutani, akautazama kwa karibu, akaweka kidole pale chini kabisa.

"Ni hapa Mwalimu alipofariki?"

Nikamwambia ndiyo, ni hapo.

Hakuondoa kidole. Kisha akaniomba tuombe. Akaomba kwa Ekegusii, sala fupi, na jina lako akalitaja kama mtu anavyolitaja jina la ndugu yake wa tumbo moja. Sikuhitaji radhi zaidi ya hapo. Nadhani nawe usingehitaji.

Leo asubuhi niliomba ruhusa kazini nikaenda Nyamira na Mama Bosibori kuwapa pole. Barafu ilikuwa bado imelala kwenye vivuli, katikati ya mistari ya chai, na shamba zima lilinukia majani mabichi, harufu ileile ya kiwandani, ila huku hakuna atakayeilipia. Mke wa Omwenga alitukaribisha chai ya maziwa kana kwamba hakuna lililotokea. Wakati soko la hisa linafunguliwa nilikuwa nimesimama pale mteremkoni, gambuti za kuazima miguuni, nikampigia dalali wetu kule Nairobi nikamwambia auze.

Tata, nilidhani tungengoja. Haikuchukua hata muda wa kumaliza kikombe. Dalali alinipigia akasema zimenunuliwa zote. Nikamuuliza na nani, akacheka, akasema hilo hata yeye hajui.

Mtu fulani. Huenda yuko Mombasa, huenda yuko nchi nisiyoweza kuitaja. Hajui kwamba kuna mlima Nyamira, hajui mvua ya mawe ilipiga, hamjui Omwenga. Ameamka na matumaini yake mwenyewe, akanyoosha mkono, na mkono huo ukafika hapa. Pesa zitaingia baada ya siku chache, na mama huyu aliyenipa chai atanunua mbolea. Nilimweleza. Alifikiri kidogo, akauliza kama kuna njia ya kumtumia mtu huyo salamu. Nikamwambia hakuna. Akasema basi atamwombea hivyohivyo bila jina.

Nimekaa mezani pako hapa nyumbani Kiogoro, jua bado lipo, Mama anachambua mboga nje na ananiuliza mbona niko kimya. Nitamsomea barua hii nikiimaliza.

Pumzika, Tata. Kazi yako nimeichukua. Soko likipanda nitawaambia limepanda, na sitajipa sifa. Likianguka nitawaambia limeanguka, hata ukumbi wote ukinigeuka, na nitamshukuru atakayenisema usoni. Hilo nakuahidi mbele za Mungu.

Na huyo mtu asiye na jina, kama huko uliko watu hujulikana wote, ukimwona, mwambie chai ya Nyamira inamshukuru.

Binti yako,
Kemunto