Sweta Ulilolifanya Kata

Kwedizinga,
Handeni.
18 Julai 2024

Kwa Shamimu, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Huna adabu. Nimeanza na hilo kabla ya salamu lisije likapotea katikati ya habari za mahindi na mbuzi. Mwanamke mzima, umechezwa, umefundwa, umeozwa mbele ya wazee, halafu unasimama kwenye msiba wa babu yako unamkana mumeo mchana kweupe kwa sababu ya uzi. Uzi, Shamimu! Si pombe, si kipigo, si hawara. Uzi.

Sasa salamu. Assalaam aleikum. Shikamoo yako haijanifikia tangu ulipopanda basi, lakini marahaba nimekuwekea, utaikuta siku utakayokumbuka kwamba una bibi. Hujambo? Kile kifua kinachokubana kimeachia? Huko Mpanda mnapata mboga, au Salimu kaka yako anakulisha maneno yake tu? Mimi mzima. Goti linaniuma kwa baridi hii ya Julai, na kukaa kizuka kumenichosha. Mtu niliyezoea kuamka na jembe leo nafungiwa chumbani kama kuku anayeatamia. Lakini eda ni eda, na babu yako anastahili. Isingekuwa eda, nisingeandika. Ungeniona stendi ya Mpanda nimekushika sikio.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, usije ukasema nimeandikiwa. Ngumbaru nilisoma, na herufi zangu ni kubwa ili uzione vizuri. Simu nimekupigia, unakata. Haya, kata na barua. Hata ukiichana utakuwa umeshaisoma.

Mahindi tumevuna, si haba. Kunde zimeliwa na wadudu. Mbuzi mweupe kazaa pacha, mmoja ni kilema wa mguu lakini ananyonya kwa fujo kuliko mwenziwe. Habari za nyumbani zimekwisha. Turudi kwako.

Usidhani mimi naupenda ufumaji wa Adamu. Siupendi, na yeye anajua. Mwanaume fundi baiskeli, mikono imejaa grisi, anachukua spoku mbili, anazinoa ncha kwenye jiwe, anakaa mlangoni pa kibanda chake pale Korogwe anafuma huku mteja anangoja pancha! Aliyemfundisha ni yule mama Josefina wa Lutindi alipokuwa kapanga kwake, huko mlimani kwenye ukungu, na huko sawa, mtu asipofuma atakufa kwa baridi. Lakini Handeni? Handeni hii ya jua? Alipokuja na nguo ya chupa ya chai nilimuuliza, "Mume wangu, chupa ina mafua?" Akanijibu, "Mke wangu, ndiyo maana chai yako inapoa kabla wageni hawajafika." Akafuma na koti la rimoti ya televisheni. Koti! Lina na vifungo! Nikamwambia siku nyingine amfumie jogoo suruali, maana anatembea uchi mbele ya wakwe. Akacheka mpaka akashika mbavu, akala ugali wangu, akaondoka.

Unaona hapo? Mimi nimemsema usoni, nikamlisha. Mimi ni bibi, yeye kaoa mjukuu wangu, ni mume wangu wa utani, nina haki ya kumchamba hata akiwa amelala. Wewe haki hiyo huna. Wewe ni mkewe wa kweli.

Wewe na kaka yako mkaanza chini chini. Nayajua yote, sikio langu halijazeeka. Vijana wa bodaboda pale stendi wakamwita Adamu Mama Sweta, ukaja nyumbani unalia kana kwamba umefiwa. Wenzio wa kikoba wakakuuliza nani anapika kwenu, ukakosa la kuwajibu. Wewe, uliyekuwa ukimjibu mwalimu mkuu! Tangu lini bodaboda wamekuwa wazee wa ndoa yako? Mtu anayebeba abiria wanne kwenye pikipiki moja ndiye wa kukufundisha mume ni nani?

Na Salimu, msomee hapa, msomee kwa sauti. Salimu, unamwita shemeji yako "dada Adamu" kwenye simu. Nikuulize, lile sweta la bluu unalovaa asubuhi ukifungua duka, la mtumba, nani kalifuma? Humjui. Huenda ni mwanaume mwenye ndevu. Umelala ndani ya mikono yake mwaka wa pili huu, na hujaota titi. Babu yenu alisokota kamba za mkonge kwa mikono yake, akasuka kitanda ambacho mama yenu kazaliwa juu yake, na nyinyi wote wawili mmelelewa juu yake. Nani alimwita mwanamke? Angejaribu mtu!

Sasa nikukumbushe lile la babu, maana naona umelisahau, au unajifanya. Alipolazwa kitandani na maradhi, miguu yake ilikuwa ya barafu. Mchana wa jua kali, watu wanavua mashati, yeye anatetemeka. Tulimfunika kanga, blanketi, gunia, bure. Adamu akawa anakuja kutoka Korogwe kila Ijumaa baada ya swala, anakaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda anamfumia soksi ndefu za kufika magotini. Rangi mbaya, sitaki kusema uongo. Kijani na machungwa, kama duka la rangi limemwagika. Mikono ya babu ilikuwa inatetemeka hata kikombe hakishiki, Adamu akampa bonge la uzi alishike. Akamwambia, "Babu, wewe achia uzi taratibu, mimi nafuma." Babu yako akalishika. Akawa anauachia kidogo kidogo, anamwambia, "Usivute sana, utakata." Mzee ambaye alikuwa amenyamaza siku nyingi kwa kuona aibu ya kulishwa, akawa anagomba juu ya uzi. Ilikuwa kazi yake ya mwisho duniani, na alikufa anajua ana kazi.

Wewe ulileta machungwa na ukampiga picha kwa simu.

Soksi zilimfaa. Usiku hakulala na baridi tena. Basi.

Tukazika. Siku ya kuanua tanga akaja Deogratius wa Mnyuzi, mtani wetu, Mnyamwezi ambaye babu yake aliletwa kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Huyo hajawahi kukosa msiba wa Mzigua hata mmoja, na babu yako hakukosa misiba yao. Mimi nilikuwa chumbani, nimekaa, nawasikiliza kwa dirisha. Akaomba nguo za marehemu kama ilivyo desturi, akavaa kofia ya babu, akavaa zile soksi, akashika fimbo, akaanza kukohoa kikohozi chake kile kile. Nilidhani mzee karudi. Akaniita kwa kelele: "Mwanaidi! Mmenizika na miguu yangu imeshazoea soksi! Huko niendako wataniuliza kama nimetoka Lushoto!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Mimi mwenyewe, mjane wa siku tatu, nilicheka nikaziba mdomo na kanga. Ndiyo kazi ya mtani, anakupa kicheko ili pumzi irudi.

Akaendelea: "Aliyenivisha hivi ni nani? Mkewe atoke anikomboe, la sivyo naondoka nazo Mnyuzi nikachezee mpira!"

Ulikuwa na kazi moja tu. Utoke, ukebehi kidogo, umpe kuku au hata kisahani cha mchele, uchukue soksi, mambo yaishe. Mtoto wa darasa la pili anajua hivyo. Adamu alikuwa amesimama pale kwenye majiko anacheka na kujifuta macho, anakungoja.

Ukasimama katikati ya wanawake ukasema, nilikusikia kwa masikio yangu: "Mimi sina mume anayefuma. Huyo ni mwanamke mwenzangu, mkamtafutie mume."

Hakuna aliyecheka ila Salimu, na yeye alipoona yuko peke yake akajifanya anapiga chafya. Deogratius, Mnyamwezi yule ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa na mtu, alishusha fimbo ya babu. Akavua soksi mwenyewe, akazikunja, akaziweka juu ya mkeka, akaondoka hajala. Mtani kuondoka msibani hajala! Sijawahi kuona tangu nizaliwe, na nimezaliwa zamani.

Kosa lako silo kusema neno baya. Deogratius alisema mabaya zaidi, alisema mpaka juu ya kaburi la mume wangu. Lakini neno la mtani linaoshwa pale pale kwa kile anachopewa, halitoki uani. La kwako halikuoshwa, kwa sababu wewe si mtani wa Adamu. Limebaki vile vile, bichi. Kila mtu kaenda nalo kwake.

Na mimi nilikuona siku zile za msiba ukichota maji, kata yako kichwani ilikuwa nini? Nilidhani ni kanga kuukuu. Kumbe ni sweta la zambarau alilokufumia Adamu ulipougua kifua. Umelizungusha, umeliweka chini ya ndoo. Uliliacha juu ya pipa, limelowa, ulipokimbilia basi. Mwanamke mwenye kanga sanduku zima anakosa kitambaa cha kata mpaka aende kwenye sweta? Si kukosa. Ni dharau, na hata dharau yenyewe hujui kuifanya kwa siri.

Adamu hajasema kitu. Ningependa agombe, ningemjua. Alikuja juzi kuniletea sukari na mafuta ya taa, akasimama nje ya dirisha kwa heshima ya eda. Nikamtania, "Mume wangu, leo hujanifumia hata leso?" Hakunijibu utani. Akasema zile spoku amezitia kwenye gurudumu la baiskeli ya mtu, zinafanya kazi yake. Kisha akasema, "Bibi, Shamimu kanitumia ujumbe anataka talaka yake. Siku ya arobaini nitakuja na mashahidi wawili nimpe, mbele ya wale wale waliosikia." Akaondoka. Hata chai hakunywa, na chupa ilikuwa pale na nguo yake.

Nimeudharau uzi wake tangu siku ya kwanza, lakini mwanaume aliyekaa kimya namna ile sikupenda kumwona. Afadhali angefuma.

Usije ukaniambia unaona aibu. Aibu unayo ndiyo, lakini umeiweka pasipo mahali pake. Umeona aibu kwa mume anayefuma na hukuona aibu kwa mtani kuondoka na njaa kwenye msiba wa babu yako. Na ukishapewa hiyo talaka utaenda wapi? Kwa Salimu, umkunjie vitenge dukani mpaka unazeeka? Mke wa Salimu atakuvumilia mpaka mwezi wa Ramadhani, si zaidi. Namjua, tumemwoa sisi.

Nisalimie huyo mkewe na watoto. Mwambie Salimu dua yangu anayo, hasira zangu pia anazo, achague aanze na ipi. Mama yako Chausiku anakusalimu, anasema hana neno, maana kalia mpaka kauka. Hafsa wa jirani na wanawake wote wa kisimani wanakusalimu na wanangoja kuona. Mungu akulinde njiani, akupunguzie ulimi, akuongezee akili.

Sasa sikiliza, na hili silirudii. Arobaini ni Jumamosi, tarehe tatu Agosti. Utafika Ijumaa. Njiani, Korogwe, utashuka, utanunua jogoo, jogoo mzima mwenye sauti, si kifaranga. Deogratius nimeshamtumia habari, atakuja, na soksi atazivaa tena kwa kuwa hazijakombolewa. Kabla mashahidi wa Adamu hawajafungua mdomo, utatoka mbele ya watu wote, utampa mtani jogoo wake, na utasema kwa sauti ile ile uliyosemea siku ile: aliyefuma ni mume wangu. Kama baada ya hapo bado unaitaka talaka, iombe, mimi sitakuzuia. Lakini uiombe ukiwa umeshalipa.

Usipokuja, jogoo nitamtoa mimi kwa dirisha, na huyo mume nitamtwaa mimi eda ikiisha. Meno nimebakiwa nayo ya kutosha.

Mimi bibi yako, ninayekupenda hata pale usipopendeka,

Mwanaidi, mjane wa Semboja

Kwenye mfuko huu kondakta aliokupa kuna lile sweta. Nimelifua mara mbili, harufu ya pipa imetoka. Livae huko huko Mpanda ukipanda basi, ushuke nalo Handeni, uingie nalo uani. Kuna joto, utatoka jasho. Toka jasho.