Mama Kacheka Kibandani

Shosti, uko? Leo nimeumbuka, sijui niuweke wapi uso wangu.

Kile kibanda cha marehemu baba cha bustanini, si nilikisafisha mwenyewe, nikakishonea na mito, ili mama apate pa kutulia na yule mshauri wa wafiwa?

Leo namsikia mama anacheka humo. ANACHEKA! Miezi minne tangu tumzike baba, kwangu mimi ni "sijambo mwanangu", basi. Mgeni wa Jumamosi tatu ndiye anachekewa!

Wivu ukanipanda. Nikajifanya namwagilia maua, nikachutama chini ya dirisha.

Nikamsikia: "Binti yangu siwezi kulia mbele yake. Nikianza tu, anakimbilia kuosha vyombo."

Kuosha vyombo, shosti! Mimi!

Nikasahau mpira wa maji. Maji yakaingia kibandani, mshauri akatoka soksi zimelowa chapachapa, akanikuta pale pale nimechutama. Mama wala hakufoka. Akapigapiga mto pembeni yake: "Njoo ukae, mwanangu."

Nikamwambia nakuja, kuna sufuria nimeziacha.

Ndiyo nakuandikia hapa, simu imejaa povu. Na sufuria zenyewe zilikuwa safi.